Jozi ya 3, wachezaji watatu: jinsi ya kucheza saa za mwisho za mashindano ya poka mtandaoni

Mimi ni mtunza hesabu wa duka la vipuri vya magari hapa Kariakoo. Jumamosi usiku, watoto wakishalala, nawasha kompyuta na kucheza poka, ule mchezo wa Texas Hold'em, kwenye mashindano ya viingilio vidogo: dola 5, dola 10, basi. Nimechagua Jumamosi kwa sababu mashindano yanayoanza jioni huko Ulaya huishia kwetu saa tisa au saa kumi za usiku, na siku za kazi asubuhi mimi nashika hesabu za watu. Fedha ninayochezea ina daftari lake, mbali na ada za shule na kodi ya nyumba, na ikiisha nasubiri mwezi unaofuata. Kama yako hujaitenga hivyo, itenge kwanza ndipo urudi usome. Anayeiwazia kodi ya nyumba huku anacheza hawezi kufanya sawasawa hata uamuzi mmoja kati ya haya nitakayoeleza.

Kwa miaka miwili nilikuwa na tatizo moja. Mwanzo wa mashindano nilikuwa mvumilivu, katikati nilikuwa makini, nikafika mahali ambapo wengi wameshatoka. Halafu natoka wa nane, wa tano, wa tatu. Niliita bahati mbaya. Zawadi za mashindano zimerundikwa mwishoni: anayemaliza wa kwanza huchukua mara nyingi zaidi ya anayemaliza wa nane. Kwa hiyo mtu anayecheza vizuri saa nne na vibaya dakika ishirini za mwisho amefanya kazi ya wenzake.

Kabla sijaendelea, nieleze maneno yangu. Rundo ni chipu zote ulizo nazo. Kitita ni kile kilichopo katikati ya meza. Kumwaga ni kuingiza rundo lote. Kufuata ni kulipa dau la mwenzako ili muone karata. Kupandisha ni kuweka dau kubwa kuliko lililopo. Kutupa ni kuziacha karata zako. Kila mtu ana karata mbili zake, na tano za wote hufunuliwa mezani; tatu za kwanza ndizo flopu. Mgao ni mzunguko mmoja wa kugawiwa karata, na blaindi ni yale madau ya lazima, ndogo na kubwa, yanayopanda kila baada ya dakika kadhaa. Ante ni dau dogo la lazima linaloongezwa juu ya blaindi.

Mgao ulionifungua macho

Ilikuwa meza moja ya watu 10. Kila mmoja ametoa dola 10 na kupewa chipu 1,000, mbali na ada ya jukwaa. Zawadi: dola 50 kwa wa kwanza, 30 kwa wa pili, 20 kwa wa tatu. Tulikuwa tumebaki watatu. Mmoja alikuwa na 5,000, mimi 3,000, mwingine 2,000. Blaindi 100 na 200, bila ante. Mwenye 2,000 alitupa. Mwenye 5,000, aliyekuwa kwenye blaindi ndogo, akamwaga zote. Robo saa nzima alikuwa akimwaga karibu kila mgao, nikaamini kabisa kwamba anaweza kuwa na chochote. Mimi nilikuwa blaindi kubwa, na mkononi nina 3 mbili.

Nikapiga hesabu, nikaipenda. Jozi ya 3 dhidi ya karata zozote mbili hushinda karibu mara 54 katika 100. Natakiwa kuongeza 2,800 ili kugombea kitita kitakachofika 6,000, yaani nahitaji kushinda mara 47 katika 100. Nina 54, nahitaji 47. Nikafuata. Akafunua Q na 8, Q ikaanguka mezani, nikatoka na dola 20.

Kesho yake nilimpigia shemeji yangu wa Mombasa, ambaye ndiye aliyenifundisha mchezo huu, nikitafuta pole.

"Shemeji," akaniambia, "hata ungeshinda, bado ungekuwa umekosea. Umehesabu chipu. Jukwaa linalipa chipu au linalipa dola?"

Nilikasirika kidogo. Halafu nikafungua daftari, na nataka ulione, maana somo lote la saa za mwisho limo humo.

Kuna njia ya kugeuza chipu kuwa fedha ambayo wachezaji duniani kote wanaiita kwa herufi tatu, ICM. Chanzo chake ni mbio za farasi: mwaka 1973 David Harville alichapisha hesabu ya kukadiria nani atamaliza wa kwanza, wa pili, wa tatu, na mwaka 1987 Mason Malmuth akaileta kwenye poka. Wazo lenyewe ni jepesi. Nafasi yako ya kuwa wa kwanza ni sehemu yako ya chipu zote. Ukiwa na 3,000 kati ya 10,000, ni mara 30 katika 100. Kwa nafasi ya pili, unamwondoa kila mshindi kwa zamu na kugawanya upya chipu za waliobaki. Kisha kila nafasi unaizidisha na zawadi yake, unajumlisha.

Ningetupa zile 3, ningebaki na 2,800, yeye 5,200, mwingine 2,000. Kwa ICM, 2,800 zangu zilikuwa na thamani ya dola 32.13. Nikifuata na kushindwa, nina dola 20. Nikifuata na kushinda, nina 6,000 na wenzangu 2,000 kila mmoja, na rundo hilo lina thamani ya dola 41 tu.

Rudia kuitazama hiyo 41. Chipu zangu zimezidi mara mbili, fedha imepanda kwa dola 8.87. Sababu ni kwamba zawadi ya juu kabisa ni 50, na wenzangu wawili wana dola 20 zao tayari hata wakitoka sasa hivi, siwezi kuwanyang'anya. Kwa hiyo nilihatarisha dola 12.13 ili kupata 8.87. Gawanya 12.13 kwa 21, ambayo ni tofauti ya 41 na 20, unapata asilimia 58. Nilihitaji kushinda mara 58, nami nilikuwa na 54. Kufuata kwangu kulikuwa na thamani ya dola 31.28, kutupa kulikuwa 32.13. Nilichoma senti 85 kwa kubofya mara moja, kwenye mashindano ya kiingilio cha dola 10.

Sasa geuza meza. Karata zangu ni zilezile, 3 mbili, blaindi kubwa, rundo 3,000. Lakini aliyemwaga kutoka blaindi ndogo ni yule mwenye 2,000, naye pia tuseme anaweza kuwa na chochote. Nikitupa, nina thamani ya dola 31.99. Nikimfuata nikashinda, yeye anatoka, tunabaki wawili na 5,000 kila mmoja: dola 40. Nikishindwa sijatoka, nina 1,000 na thamani ya dola 24.67. Nahatarisha 7.32 kwa ajili ya 8.01. Nahitaji asilimia 48 tu. Nina 54. Nafuata bila kusita.

Jozi ileile, kiti kilekile, dau la aina ileile. Jibu la kwanza ni kutupa na la pili ni kufuata. Kilichobadilika ni nani anaweza kunitoa. Tangu siku ile, kabla sijaangalia karata zangu, naangalia rundo la aliyenitangulia na naangalia langu. Ananizidi, au namzidi? Swali hilo ukilizoea, nusu ya kazi ya mwisho wa mashindano umeifanya.

Na lipo jambo la pili ndani ya mgao ule, ambalo nilichelewa kuliona. Yule bwana wa 5,000 alikuwa anacheza vizuri sana. Alijua kwamba mimi nahitaji 58, na kwamba karata zinazofika hapo dhidi ya chochote ni chache: jozi za 5 kwenda juu, A nyingi, K kubwa. Kila nilipotupa alichukua blaindi bila kuonyesha karata. Aliyemwaga kwanza ana njia mbili za kushinda, wenzake wote watupe au karata zake zitoke juu. Anayefuata ana moja. Mwishoni mwa mashindano jitahidi uwe mtu wa kwanza kuingiza chipu, na uwe mgumu sana kufuata za wengine.

Hesabu rundo kwa blaindi

Wachezaji wengi wa viingilio vidogo husema "nina chipu elfu ishirini" kana kwamba hiyo ni habari. Nusu saa kabla ilikuwa utajiri. Sasa ni umaskini. Sema una blaindi kubwa ngapi. Mfano: mko 8 mezani, blaindi 1,000 na 2,000, na ante ya jumla 2,000, iwe inatolewa na blaindi kubwa peke yake au 250 kwa kila mtu. Katikati kuna 5,000 kabla mtu hajafanya lolote. Rundo la 20,000 ni blaindi 10. Ligawanye kwa 5,000, unapata 4: ndiyo mizunguko ya meza unayoweza kukaa bila kucheza kabla hujamalizwa. Kipimo hiki cha pili huitwa M, kwa heshima ya Paul Magriel, bingwa wa backgammon aliyekibuni. Mizunguko 4 ya watu 8 ni migao 32. Mtandaoni migao inakwenda mbio. Hiyo ni kama nusu saa, na blaindi zitapanda kabla haijaisha.

Upande wa pili wa hesabu hii unafurahisha zaidi. Mzunguko mmoja unakugharimu 5,000. Ukiiba blaindi na ante mara moja tu katika kila mzunguko, umerudisha yote, hujasogea nyuma. Mara mbili, unakua. Huhitaji karata nzuri kwa hilo. Unahitaji kiti kizuri, na watu nyuma yako wenye sababu ya kutupa.

Ukiwa na blaindi 25 au zaidi, pandisha kidogo. Mimi napandisha mara 2 au 2.1 ya blaindi kubwa. Katika mfano wetu ni 4,200 kuwania 5,000: wakitupa wote mara 46 katika 100 nimeshajilipa, hata kabla ya kuhesabu mara nitakazoshinda baada ya kufuatwa. Nikipandisha mara 3, kama tulivyozoea mwanzoni mwa mashindano, nahatarisha 6,000 na nahitaji watupe mara 55. Blaindi ndogo na kubwa watatupa karibu karata zilezile. Hizo 1,800 za ziada zinanunua nini? Kwangu, hakuna kitu.

Lakini kabla ya kupandisha angalia nani anakaa kushoto kwako. Rundo la blaindi 12 hadi 20 ndilo la kuogopa, kwa sababu mwenye rundo hilo anaweza kukumwagia juu ya dau lako, nawe ukatupa ukiwa umempa chipu zako. Ukiona wawili wa aina hiyo nyuma yako, kaza: pandisha kwa karata ambazo uko tayari kufuata nazo, au ambazo huna uchungu nazo ukizitupa. A-5 ya aina moja, yaani zote mbili kopa au zote mbili jembe, naitumia sana hapo, maana A mkononi mwangu inapunguza A zilizobaki kwa wenzangu.

Na wewe ukiwa ndiye mwenye blaindi 12 hadi 20, hiyo ndiyo silaha yako. Mtu aliyekaa kiti cha mgawaji, kile cha kabla tu ya blaindi ndogo, anapandisha kila mara zamu ikimfikia. Wewe uko kwenye blaindi na una A-J, jozi ya 7, au K-Q ya aina moja. Usifuate "kuona flopu". Mwaga. Ukifuata kwa blaindi 15, flopu itakukosa mara nyingi kuliko itakavyokupata, nawe utakuwa umetumia sehemu kubwa ya rundo na hujui ulipo. Nilipoteza miezi kwa kosa hili, na naliona kila Jumamosi kwa wenzangu.

Chini ya blaindi 10 au 11 mimi sipandishi tena. Ni kumwaga au kutupa. Wapo wanaopandisha kidogo hata kwa 10 na wanajua wanachofanya. Ukiwa bado unajifunza, achana nayo. Nikiwa na 10, wote wametupa na niko kwenye kiti cha mgawaji, namwaga kwa kila jozi, kila A, karibu kila K ya aina moja, K-9 kwenda juu za aina tofauti, na zile zinazoshikana kama Q-J, J-10, 10-9 za aina moja. Nikiwa wa kwanza kabisa kucheza kwenye meza ya watu 8 au 9, orodha inasinyaa: jozi za 5 kwenda juu, A-10 kwenda juu, A za aina moja kuanzia 8 hivi, K-J na K-Q za aina moja. Watu 7 au 8 nyuma yako ni wengi. Mmoja wao atakuwa na kitu.

Kinachowashinda watu si orodha, ni kuchelewa. Mtu ana blaindi 10, anangoja A-K, anashuka hadi 6, hadi 4, halafu anamwaga akiwa na 2.5 na kushangaa kwa nini anafuatwa na 7-4. Angalia bei. Ukimwaga 20,000 katika mfano wetu, blaindi kubwa anatakiwa kuongeza 18,000 kuchukua kitita cha 25,000; anahitaji asilimia 42, na lazima afikirie. Ukimwaga 5,000, anaongeza 3,000 kuwania 10,000. Anahitaji 23, na karibu karata zozote mbili zina 23. Uwezo wa kumtisha umeuacha njiani ukingoja. Mwaga ungali na meno. Ukimwaga 20,000 na wote wakatupa, una 25,000: rundo limekua kwa robo bila karata hata moja kufunuliwa.

Ukingoni mwa malipo

Wanalipwa 27, mmebaki 28. Hapa hisia za watu ziko wazi kuliko wakati mwingine wowote, na hapa ndipo yale mahesabu ya jozi ya 3 yanafanya kazi kwa nguvu zaidi.

Ukiwa na rundo kubwa kuliko wote mezani, fanya kazi. Pandisha mara kwa mara, na walenge wenye marundo ya kati, kwa sababu wao ndio wenye cha kupoteza: wanaona wadogo wanaokaribia kutoka kabla yao na hawataki kuwatangulia. Wenye blaindi 2 au 3 usiwachokoze kwa karata mbovu. Wamebanwa, watafuata na chochote.

Ukiwa na rundo la kati, hapa ndipo pagumu, na sina maneno matamu. Mkubwa akikumwagia, tupa karata ambazo saa moja kabla ungefuata nazo kwa furaha: A-J, jozi ya 8, wakati mwingine A-Q. Hutaona alichokuwa nacho, na utaumia. Rudi kwenye daftari langu: chipu unayopoteza ni nzito kuliko unayopata. Badala yake washambulie wale unaowazidi.

Ukiwa na rundo dogo, fungua orodha ya wachezaji wote kwenye jukwaa, si wa meza yako tu. Wangapi wana chini yako? Blaindi itawafikia lini? Kama wapo watatu wenye blaindi 1 au 2 na wewe una 6, unaweza kutupa hata karata za maana. Kama wewe ndiye mdogo kuliko wote, usijifiche; tafuta pa kumwaga kabla hujaliwa. Kuvuta muda kwa makusudi hakusaidii sana, kwani majukwaa mengi yakifika ukingoni hufanya meza zote zicheze mgao mmoja kwa pamoja, na meza iliyomaliza inasubiri nyingine.

Yapo mashindano ambayo zawadi ni tiketi za mashindano makubwa. Chris Moneymaker, mhasibu wa Tennessee, mwaka 2003 alipata nafasi yake kwenye World Series of Poker, mashindano makubwa ya poka huko Marekani, kwa njia hiyo mtandaoni, akawa wa kwanza kati ya washiriki 839 na kushinda dola milioni 2.5. Kama mtunza hesabu, habari hiyo naipenda. Lakini mashindano ya tiketi yana sheria yake. Tiketi 10 zote zina thamani moja. Mmebaki 11, wewe una rundo la pili kwa ukubwa, na wa kwanza anakumwagia: tupa hata A mbili. A mbili hushinda kama mara 80 hadi 85 katika 100 dhidi ya mtu mmoja. Ukikaa kimya unapata tiketi karibu mara 100. Mara ya kwanza kuzitupa mkono wangu ulitetemeka kwenye kipanya.

Mashindano yenye zawadi ya kichwa, yaani unalipwa kwa kila unayemtoa, huenda upande wa pili: ukimzidi mtu, ongeza bei ya kichwa chake kwenye kitita na umfuate kwa karata nyingi kidogo zaidi.

Meza ya fainali

Andika zawadi kwenye karatasi. Zote, kuanzia ya 9 hadi ya 1, na uweke karatasi hiyo mbele yako. Kuruka kutoka wa 9 kwenda wa 8 mara nyingi ni senti. Kutoka wa 3 kwenda wa 2, na wa 2 kwenda wa 1, ndiko kwenye fedha. Watu wengi wanaogopa mwanzoni mwa fainali, mahali ambapo kuogopa kunawapa dola moja, halafu wanafungua mikono wakibaki watatu, mahali ambapo kosa moja linagharimu dola kumi. Nilikuwa mmoja wao.

Funga meza nyingine zote. Andika alama kwa kila mchezaji: huyu anamwaga kila anapokuwa wa kwanza, huyu hajapandisha mizunguko mitatu. Tumia akiba yako ya muda sasa; hakuna zawadi ya kumaliza ukiwa umebakiza sekunde. Na usitafute programu ya kukupa majibu mchezo ukiendelea: majukwaa mengi yanakataza, na unaweza kunyang'anywa kila kitu. Hesabu hizi ni za kujifunza mchana, zikukae kichwani usiku.

Mkibaki watatu au wanne mnaweza kuulizwa kama mnataka kugawana. Jua unachopewa. Turudi kwenye 5,000, 3,000 na 2,000. Mkigawana kwa ICM, mnapata dola 38.39, 32.75 na 28.86. Mkigawana kwa chipu, yaani kila mmoja achukue 20 zake kisha 40 zilizobaki zigawanywe kwa rundo, mnapata 40, 32 na 28. Mwenye rundo kubwa atapendekeza njia ya pili kwa sauti ya upole. Ukiwa mdogo, omba ya kwanza.

Mkibaki wawili, sahau ICM. Zawadi ya pili mmeshaipata wote. Mnagombea tofauti tu, na sasa chipu ni chipu. Mtu aliyekuwa akitupa kwa busara saa nzima lazima abadilike papo hapo. Mwenye kiti cha mgawaji ndiye blaindi ndogo, anacheza kwanza kabla ya flopu na wa mwisho baada yake. Mkiwa na blaindi 10 bila ante, hesabu ya usawa, yaani ile ambayo hakuna kati yenu anayefaidika kwa kubadili mpango wake peke yake, inasema blaindi ndogo amwage karibu asilimia 58 ya karata zote, na blaindi kubwa afuate karibu 37. Maana yake K yoyote, A yoyote, jozi yoyote unamwaga, na nyingine nyingi ambazo zingekutia aibu meza ikiwa imejaa. Na akikumwagia ukiwa na A yoyote, unamfuata.

Mambo ya usiku

Saa tisa usiku adui yako wa kwanza ni mwili. Mimi hulala mchana wa Jumamosi, saa mbili. Kwenye majukwaa mengi mapumziko huja dakika 5 kabla ya kila saa kamili. Nasimama, nanawa uso, nakunywa maji, sikai nikaperuzi simu. Kompyuta iwe na chaji kamili na simu iwe na bando la akiba, tayari kuunganishwa, kwa sababu umeme ukikatika ukiwa fainali jukwaa halikungoji: karata zako zinatupwa moja baada ya nyingine na blaindi zinalila rundo. Ilinitokea tukiwa sita. Niliporudi hewani tulikuwa wanne, nami nina blaindi 3.

Jumapili alasiri, baada ya kanisa na usingizi, nafungua kumbukumbu za migao. Mali bila daftari hupotea bila habari, na kwenye poka ni hivyohivyo. Sichukui migao yote. Nachukua mitano ya mwisho kabla sijatoka, na mitatu ambayo nilitupa kwa uchungu. Kwa kila mmoja naandika marundo yote kabla ya mgao, blaindi na ante, zawadi zilizobaki, nani alianza kuingiza chipu, na karata ninazodhani alikuwa nazo. Kisha naingiza namba kwenye kikokotoo cha ICM, vipo vya bure, na naandika asilimia niliyohitaji kando ya niliyokuwa nayo. Matokeo ya mgao, nani alishinda, siandiki kabisa.

Anza na mgao wa zile 3. Chukua karatasi, piga mwenyewe kwa mkono rundo la 2,800 dhidi ya 5,200 na 2,000, mpaka upate 32.13. Inachukua kama dakika kumi mara ya kwanza. Halafu piga ya kwako ya Jumamosi iliyopita.